Mlima Juu ya Sinia

Kofi lilisikika kabla sijauona mlango. Lilikuwa kofi la kiganja kizima, zito, lenye majimaji ndani yake, likafuatwa na kimya, kisha jingine, kisha mawili ya harakaharaka. Uchochoro wa nyumbani kwetu Ibra umebanwa na kuta mbili za udongo, na sauti ikiingia humo haitoki upesi; huenda na kurudi mpaka hujui imeanzia wapi. Nilikuwa nimetoka Sur mchana ule wa Alhamisi, begi begani, na nilichofikiri ni kwamba kuna mtu anapigwa. Kwa kuwa nawajua watu wa nyumba ile, nikafikiri anayepigwa ni mdogo wangu na anayempiga ni bibi.

Nikasukuma mlango bila kupiga hodi.

Zilizokuwa zikipigwa ni tende. Shangazi yangu alikuwa amekaa chini ukumbini, mikono imekolea tende mpaka viwikoni, na mbele yake sinia letu kubwa la wali, lile linalotolewa sikukuu peke yake. Katikati ya sinia kulikuwa na kitu kirefu, cheusi, chenye mgongo uliovimba upande mmoja na kushuka taratibu upande wa pili. Kinang'aa. Shangazi alikuwa akikipiga makofi kikae.

"Shikamoo, shangazi. Unafanya nini?"

"Marahaba. Vua viatu, nawa mikono, njoo unishikie Alpujarra. Inaporomoka."

"Alpu nini?"

"Hizi kuta za kusini. Shika hapa. Usibonyeze, shika tu."

Nikanawa nikashika. Bibi alikuwa kwenye mbuzi ya nazi karibu na dirisha, anakuna, hana haraka, miguu yake ameinyoosha kwa sababu magoti hayakunji tena vizuri. Nikamwamkia. Akaitikia bila kuinua macho.

"Muulize tena," alisema. "Muulize huyu mwanangu, mwalimu mzima, amestaafu juzi na pensheni yake, ati leo anafinyanga tende kama mtoto wa chuoni. Na mie kanipa kazi ya kukuna nazi. Nimeuliza nazi ya nini, kaniambia theluji."

"Ni theluji kweli, mama," alisema shangazi.

"Basi theluji yenu leo ina mafuta."

Mdogo wangu wa kike akatoka jikoni ameshika kijiko na kopo la vijiti vya meno. Alikuwa na uso wa mtu ambaye hajalala. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba mchezo ule haukuwa mchezo hata kidogo.

Mdogo wangu alikuwa anasoma mambo ya maji katika chuo huko Nizwa. Miaka mitatu alizunguka kwenye mafalaji, ile mifereji ya kale inayotoa maji chini ya milima na kuyafikisha mashambani, akipima na kuandika, akikaa na wazee wanaogawa zamu za maji. Kisha ikaja barua: nafasi ya mwaka mmoja huko Granada, kusini mwa Hispania, chini ya safu ya milima inayoitwa Sierra Nevada, ambako Waarabu wa zamani waliacha mifereji yao na watu wa huko wanaitumia mpaka leo. Wangemlipia nauli na chakula. Kilichotakiwa ni jibu, na jibu lilitakiwa kabla ya Jumapili.

Baba, ambaye siku nyingi huwa Adam kwenye biashara yake ya tende na mifugo, alijibu kwa simu sentensi moja: "Mama akiridhia, na mimi nimeridhia." Akakata. Baba ni mtu mzuri lakini jambo zito hulisukuma kwa mama yake kama mtu anayepitisha sahani ya moto.

Na bibi alikuwa hajaridhia.

Lazima nieleze utaratibu wa bibi, la sivyo mtu atamdhania ni mkaidi. Kila alfajiri baada ya sala hubaki kwenye mswala wake na kuwapitia watu wake mmoja mmoja. Haombi kwa jumla. Huanza na baba, huja kwa shangazi, hushuka kwa wajukuu kwa umri wao, hadi kwa kitoto cha binamu yangu kisichojua hata kukaa. Na kila mmoja, kabla ya kumwombea, sharti amwone alipo: mlango wake, ngazi zake, dirisha, kitanda kimelazwa vipi. Ndiyo maana mtu wa kwetu akihama, bibi hupelekwa kwanza kupaona. Nilipopata kazi Sur alipelekwa Sur. Akapanda ghorofa mbili kwa magoti yale, akalitazama jiko langu akasema hilo si jiko ni kabati, akakaa kitandani, akauliza jua huingilia wapi, akateremka. Mdogo wangu alipoingia hosteli Nizwa, mlinzi wa mlangoni alisema wageni hawaruhusiwi. Bibi akamwambia mgeni ni yeye mlinzi, aliyeletwa na mshahara, na yeye bibi amekuja kwa mtoto wake. Akaingia.

Watu huweza kucheka. Lakini binamu yangu mmoja alihamia Ras al Hadd bila kumpeleka, na mwaka mzima gari lake lilikuwa halitoki gereji. Sote tulijua kwa nini. Na yeye alijua, kwa sababu mwishowe alikuja kumchukua bibi kwa gari la kuazima.

Sasa Granada ilikuwa mbali kuliko Ras al Hadd, na daktari alikwisha mkataza bibi kupanda ndege kwa ajili ya moyo.

"Mie simzuii," bibi alisema siku ile barua ilipofika. Shangazi alinisimulia kwenye simu. "Nipelekeni nikapaone. Hamuwezi? Basi na yeye haendi. Nikisema ewe Mola mlinde mjukuu wangu, namwona wapi? Nitaona ukuta mweupe."

"Mola anajua alipo, mama."

"Mola anajua. Mie ndiye nisiyejua. Na anayeomba nani?"

Walimwonyesha picha kwenye simu. Akazitazama kwa adabu na kusema simu inaonyesha pahala kama mtu anavyochungulia kwenye tundu la ufunguo, na kila akigusa, pahala penyewe panamkimbia. Hapo ndipo shangazi alipopata wazo la sinia. Shangazi alisomesha jiografia katika skuli ya wasichana kwa miaka mingi, na siku zote alikuwa na imani moja: ramani haiingii kichwani kwa macho, huingia kwa mikono. Wasichana wake waliifinyanga milima ya Hajar kwa udongo, mito ya Iraki kwa ufinyanzi na rangi. Sasa alikuwa na mwanafunzi mmoja mwenye miaka karibu themanini, asiyepaswa kuchafua mikono kwa udongo. Basi tende.

Tulifanya kazi mpaka Alasiri ikakaribia. Shangazi alikuwa amefungua dira kwenye simu na kuligeuza sinia sawasawa, kaskazini kwa kaskazini.

"Haya, mama, tazama. Huu ndio mgongo wenyewe. Umelala toka magharibi kwenda mashariki."

Bibi aliacha kukuna. Akaegemea mbele. "Huu mlima au nguru?"

Na kweli, alipokwisha kusema, sote tukamwona nguru: kichwa kinene magharibi, mkia mwembamba mashariki, amelazwa sinia zima.

"Nguru basi," alisema shangazi, bila kukasirika. "Vilele vikubwa viko huku kichwani. Hiki kirefu kuliko vyote kinaitwa Mulhacén. Kinapita Jebel Shams yetu kwa urefu."

"Jina la Kiarabu hilo."

"Wanasema ni la mfalme wa Kiislamu. Ati amezikwa juu kabisa."

"Nani alimpandisha?"

Shangazi hakuwa na jibu, akaendelea. Alisema Hispania ilipandishwa na Afrika. Kwamba ardhi ya Afrika inaisukuma ile ya Ulaya, polepole, tangu zamani ambazo hakuna wa kuzihesabu, na ukingo ukajikunja kama jamvi linaposukumwa ukutani, na mkunjo huo ndio milima hii.

"Afrika inasukuma?" aliuliza bibi.

"Mpaka leo."

"Isukume vizuri," bibi alisema, akarudi kwenye nazi.

Tukacheka mpaka Alpujarra ikaniponyoka. Nikaipigapiga ikarudi. Kusini, chini ya kuta zile, shangazi alitandika shela ya buluu ya mdogo wangu iwe bahari. Alisema kilele na bahari vimekaribiana hivi kwamba siku ya hewa safi mtu aliyesimama kwenye theluji huiona Afrika ng'ambo. Kaskazini na magharibi aliacha sinia wazi: hapo ni tambarare, na ukingoni mwa tambarare, karibu na shavu la nguru, alichomeka karafuu moja kavu. Huo ukawa mji wa Granada. Kisha bibi akaletwa karibu, kiti na yeye mwenyewe juu yake, tukimsukuma watu wawili, akanyunyizia nazi kwenye vilele kwa ncha za vidole, kidogo kidogo, kama anayetia chumvi.

"Inakaa mwaka mzima?"

"Huyeyuka, bibi," alisema mdogo wangu. "Masika. Na hiyo ndiyo kazi yangu."

Hapo sauti yake ilibadilika. Mdogo wangu Kiswahili chake ni cha nyumbani, chenye mapengo, na kila penye pengo huweka Kiarabu. Bibi humkosoa kutwa. Lakini alipoanza kueleza maji, bibi hakumkosoa hata mara moja. Alichukua kijiti cha meno akachora mstari mwembamba juu sana ubavuni mwa mlima, chini kidogo ya nazi, ukienda pembeni badala ya kushuka. Alisema watu wa Alpujarra hawaachi maji ya theluji yakimbilie baharini. Huyashika juu kwa mfereji, huyapeleka pembeni mpaka mahali penye udongo unaokunywa, na hapo huyamwaga yazame. Yakishazama hutembea ndani ya mlima wiki nyingi, na kiangazi, wakati kila kitu kimekauka, hutokea chini kama chemchemi, karibu na mashamba.

"Mfereji wanauita acequia. Ni saqia yetu, bibi. Neno lilelile. Na mito yao mingi inaanza na Guad. Ni wadi."

"Wadi," alirudia bibi, na nikaona kwamba jambo hilo limempendeza.

"Na kuna mtu wa kugawa maji, kama hapa kwetu. Na wanagombana, kama hapa kwetu."

"Juu ya zamu?"

"Juu ya zamu. Ya rabbi, wanagombana."

Mdogo wangu akachota maji kijiko kimoja akayamimina kwenye mfereji wake. Yalikwenda nusu ya njia, yakazama. Sote wanne tuliinama kuangalia yatatokea wapi. Hayakutokea. Tende iliyanywa yote.

"Mlima wenu una kiu," alisema bibi.

"Sabri, bibi. Huko huchukua muda."

"Nasubiri."

Na alikuwa kweli anasubiri, ameshika fimbo yake kwa mikono miwili, macho kwenye sinia. Nilimtazama mdogo wangu, naye akanitazama, na tukajua sote wawili kwamba mambo yanakwenda vizuri. Bibi akauliza maswali yake ya siku zote. Mlango wa hosteli unafunguka wapi? Barabarani. Ghorofa ya ngapi? Ya tatu, ina lifti. Nani anapika? Mwenyewe. Akaguna. Dirisha linatazama nini? Mdogo wangu alionyesha: mlima. Kila jibu bibi alilitafuta kwenye sinia kwa ncha ya fimbo, akatikisa kichwa, akalihifadhi.

Kisha akauliza, "Na akisali anaelekea wapi?"

Tulijibu pamoja, mimi na mdogo wangu, bila kufikiri. Tulinyoosha mikono kwenye ukuta wa magharibi, ukuta ambao mswala wa bibi huelekea, ukuta ambao tumesujudu mbele yake tangu tulipofundishwa kusimama. Mdogo wangu akafanya zaidi. Akachukua punje ya mchele, akailaza kando ya karafuu, ncha yake ikitazama ukuta ule. "Huu ndio mswala wangu," alisema, akacheka kwa furaha.

Bibi hakucheka.

"Hii Isbania iko upande gani wa Makka?"

"Magharibi, mama," alisema shangazi, na nikamwona anakiziba kinywa chake kwa mkono wenye tende.

"Na sie tuko upande gani?"

"Mashariki."

"Basi huyu mtoto mmemgeuzia Al-Kaaba kisogo."

Hakuna aliyesema kitu. Tulikuwa watatu, tumesoma, mmoja wetu amesomesha dunia nzima ilivyokaa kwa miaka thelathini na dira iko wazi kwenye simu yake, na hatukuwahi kufikiri kwamba kibla ni upande mwingine penginepo. Kwetu kibla kilikuwa ukuta. Nilitaka kusema kuna programu za simu, kuna misikiti huko, ni kitu kidogo. Nashukuru nilinyamaza.

"Anaondoka kwao kwa mwaka," alisema bibi, na hakuwa na hasira, jambo lililokuwa baya zaidi, "na hajajua atasimama vipi mbele ya Mola wake. Nyie mnajua maji yanakwenda wapi. Hamjui mtoto anaelekea wapi."

"Bibi, nimekosea tu. Nitaju..."

"Nipe kawa."

Shangazi akaleta kawa kubwa la ukindu. Bibi akaufunika mlima kwa mikono yake mwenyewe, kama mtu anavyofunika chakula ambacho wageni hawakuja kukila, akaomba fimbo, akaenda kutawadha kwa ajili ya Alasiri. Mdogo wangu alibaki amekaa pale pale chini, mikono mapajani. Hakulia. Baadaye alichukua simu, nikamwona anaandika barua ya kukataa, anafuta, anaandika. Shangazi alimwambia asiipeleke mpaka Jumapili. "Siku zimebaki mbili."

"Anti, we mwenyewe wamjua."

"Namjua. Ndiyo maana nakwambia usiipeleke."

Ijumaa alfajiri niliamshwa na sauti ya fimbo. Nilikuwa nimelala ukumbini. Taa ndogo ilikuwa inawaka, bibi amekaa kwenye kiti kando ya sinia, kawa limewekwa sakafuni, na mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni na nguo za sala, hajui aingie au arudi.

"Njoo," alisema bibi. "Wadudu wamekula kusini yako."

Tukaenda wote wawili. Sisimizi walikuwa wamepanga mstari toka kizingitini mpaka juu ya sinia. Na pale walipokuwa wamejazana, chini kabisa ya kuta za Alpujarra, kulikuwa na kidimbwi kidogo cha asali ya tende, chembamba, kinachometameta, kikichuruzika taratibu toka ndani ya mlima kuelekea kwenye shela.

"Yametoka," alisema mdogo wangu, kwa sauti ndogo.

"Yametoka. Wenyewe wameyaona kabla yetu." Bibi akawapangusa sisimizi kwa ncha ya kanga. Kisha akasema, "Kaa chini. Nataka nikwambie kitu, na huyu mwandishi naye asikie, lakini asiongeze chumvi."

Tukakaa.

Alisema alipofika Ibra kwa mara ya kwanza, ametoka Unguja na mtoto mmoja mgongoni na mwengine tumboni, waliingia nyumba hii hii mchana wa jua kali. Babu alitoka kwenda kutafuta maji na mkate. Wakati wa Adhuhuri ukaingia. Yeye akatandika mswala kama alivyotandika maisha yake yote, kaskazini, kwa sababu Unguja Makka iko kaskazini, na akasali. Akasali na Alasiri. Kaskazini ya nyumba, wakati ule, palikuwa na zizi la mbuzi la jirani, na baina ya zizi na ukumbi hapakuwa na ukuta mzima.

"Mbuzi mmoja alikuwa akinitazama sala nzima. Nikafikiri, mbuzi wa Arabuni wana adabu."

Mdogo wangu alianza kucheka akajizuia. Bibi akamwachia acheke.

Mwenye mbuzi alikuwa mwanamke mtu mzima wa hapo. Bibi wakati huo hakujua Kiarabu ila cha kwenye msahafu, na mwanamke yule hakujua neno la Kiswahili. Aliingia kumletea mgeni maziwa, akamkuta yuko kwenye rakaa ya pili ya Magharibi. Akaweka maziwa chini. Akangoja bibi atoe salamu. Kisha akaja nyuma yake, akamshika mabega yote mawili, akamgeuza. Hivi. Bibi alimgeuza mdogo wangu mabega kutuonyesha. Hakusema kitu, wala hakumcheka, akanyanyua mswala, akautandika upya kuelekea ukuta huu, akakaa kando mpaka bibi akasali tena.

"Nilikuwa na aibu siku tatu," bibi alisema. "Kisha nikafikiri, huyu mwanamke ningemjuaje kama ningekuwa najua kila kitu? Akawa shoga yangu mpaka alipokufa. Baba yenu kakuzwa kwa maziwa ya mbuzi wale."

Akanyamaza kidogo. Akaichukua ile punje ya mchele iliyokuwa bado imelala kando ya karafuu, akaigeuza kwa kucha yake, mpaka ncha ikatazama mashariki.

"Ni hivi?"

Nilifungua simu, nikatafuta. "Mashariki, bibi, na kusini kidogo."

Akaisogeza kidogo. "Sasa mlima uko wapi?"

Mdogo wangu aliinama. Alikuwa anaona jambo ambalo sote hatukuliona jana. Karafuu, punje, na mbele ya punje ule mgongo mweusi wenye nazi. "Uko mbele yangu," alisema. "Vilele vikubwa kuliani kidogo. Kila nikisali nitaelekea mlimani."

"Na sie huku tunaelekea hivi," bibi alisema, akanyoosha fimbo kwenye ukuta wake, magharibi, "na wewe huko unaelekea hivi," akairudisha mashariki. "Makka katikati. Mie nikisimama hapa, wewe ukisimama pale, tunatazamana."

Alisema kama anayepanga kitu jikoni, hiki hapa, kile pale. Lakini nilimjua vya kutosha kuelewa kwamba amepaona. Kuanzia asubuhi ile mdogo wangu hakuwa ukuta mweupe tena. Alikuwa na mlango unaofunguka barabarani, lifti, dirisha, na mlima upande wa kibla.

"Waandikie," alisema. "Waambie unakuja. Na waambie mlima wao tumeula, kwa sababu hatuwaachii sisimizi."

Tuliula. Shangazi alipoamka alikuta nusu ya Mulhacén imekwenda na kahawa, akasikitika kwa ajili ya kazi yake, kisha akachukua kijiko akaanza mkiani. Baba alipopigiwa simu alisema Alhamdulillahi na kuuliza kama tende zilikuwa zile za kwake, nani kazichukua, na kwa nini hakuulizwa. Kilichobaki tuliwapelekea majirani kwenye sahani, na hakuna aliyeelewa kwa nini tende zina nazi juu, ila wote walisema ni tamu.

Siku ya safari ilikuwa asubuhi, baada ya jua kupanda kidogo, kwa sababu bibi hapendi mtu aondoke gizani. Nilikuwa nimekuja toka Sur kumpeleka uwanja wa ndege. Mabegi mawili yalikuwa kwenye gari. Shangazi alimpa chupa ya pilipili ya kusaga na karatasi iliyokunjwa yenye ramani aliyoichora kwa mkono, akamwambia asiikunjue mbele za watu kwa sababu Guadix ameiandika pahala ambapo hana uhakika napo.

Bibi alisimama kizingitini, msahafu ameuinua juu kwa mkono uliokuwa ukitetemeka, mdogo wangu akainama akapita chini yake mara tatu, mara ya tatu akaubusu. Kisha akambusu bibi mikono, akambusu kichwa, akabaki hapo.

"Ukifika, usitazame simu peke yake," alisema bibi. "Ulizia. Mwambie mtu akuonyeshe."

"Nimuulize nani, bibi? Simjui mtu."

"Ndio umuulize, sasa. Ukishamuuliza utamjua."

"Na asipojua?"

"Mtatafuta pamoja. Haya nenda, gari linaunguza mafuta ya kaka yako."

Mdogo wangu alicheka, akajifuta macho kwa ncha ya shela, akatoka uchochoroni kwa hatua za mtu anayeogopa kugeuka. Niliingia kwenye gari, nikamfungulia mlango, na kwenye kioo nilimwona bibi bado amesimama, shangazi amemshika kiwiko. Alitazama mpaka mdogo wangu akakaa na kufunga mkanda. Alikuwa na hesabu yake usoni, ile ya alfajiri, anatafuta pahala pa kumweka. Kisha akautoa mkono wa shangazi, akakamata mlango wa chuma kwa mikono yake miwili, akausukuma mwenyewe, ukafungika.